Sura ya Saba: Neno Fupi Mbele ya Makaa

Iko saa moja katika kambi ya maskauti ambayo haimo katika ratiba iliyobandikwa mtini, wala haipigiwi kipenga, lakini kila kiongozi aliyepata kulala na vijana chini ya turubai aijua. Ni saa ile ambapo nyimbo zimekwisha, vichekesho vimechakaa, kuni zilizokuwa zikiwaka kwa kishindo zimejilaza na kugeuka makaa, na watoto ambao mchana kutwa walikuwa kama siafu waliovurugwa sasa wamekaa kimya, magoti vifuani, macho yamenasa katika wekundu wa moto kana kwamba humo mna kitu kilichoandikwa. Wakati huo sikio la kijana hufunguka kwa hiari yake, na neno litakaloingia humo, liwe jema au baya, halitoki upesi. Wazee wetu waliijua saa hiyo zamani, kabla neno skauti halijafika pwani hii. Ndiyo maana bibi zetu waliweka hadithi zao mpaka usiku, na mjukuu aliyezidai mchana alitishwa kuwa ataota mkia.

Sura hii yahusu dakika tano za saa hiyo, ambazo kiongozi husimama na kusema neno la adabu kabla vijana hawajaingia kulala. Wengi huniuliza watasema nini katika dakika hizo, na wachache sana huniuliza watafanya nini katika saa za mchana zinazozitangulia. Nami nimewaongoza vijana muda wa kutosha kujua kwamba swali la pili ndilo kubwa. Neno la usiku ni muhuri, na muhuri hugongwa juu ya waraka uliokwisha kuandikwa. Waraka wenyewe ni mwenendo wa kiongozi tangu alfajiri mpaka magharibi, mbele ya macho ishirini au thelathini yasiyosinzia. Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo: hivyo ndivyo walivyosema wahenga, na kama ningalikuwa na imani ya kutosha katika maneno machache ninayoyasifu, ningaliikomesha sura hii hapa.

Tuanze na chanzo. Robert Baden-Powell, aliyeiasisi skauti, alizaliwa London mwaka 1857, akawa askari, na jina lake likavuma kwa sababu ya mji mdogo wa Mafeking, huko Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Katika mazingiwa yale watu wazima hawakutosha kushika bunduki na kutumwa pia, basi wavulana wakavishwa sare, wakapewa kazi ya kuchukua barua na habari kutoka upande huu wa mji hata upande ule, wengine kwa baiskeli, na risasi hazikuwachagua. Jambo lililomkaa moyoni yule askari ni kwamba mtoto akikabidhiwa kazi ya kweli, na kuaminiwa kwa kweli, huongezeka kimo mbele ya macho yako. Bali akipewa mchezo tu na kuhubiriwa, hubaki alipo.

Miaka saba baadaye, mwezi wa Agosti 1907, aliwachukua wavulana wapatao ishirini mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa wakwasi waliosoma katika shule za ada kubwa, wengine watoto wa watu wa kazi wa miji ya karibu, na katika nchi ile ya matabaka si jambo dogo kuwalaza pamoja. Aliwachanganya, akawagawa katika makundi manne yenye majina ya ndege na wanyama, kila kundi likawa na mkubwa wake aliyetoka miongoni mwao. Asubuhi aliwaamsha kwa baragumu la pembe ya tandala alilolipata Afrika, na mtu wa Lamu au wa Pate, ambaye hajaisahau siwa ya mababu zake, hataona ajabu kwamba sauti kama ile ilitosha kumtoa mtoto katika blanketi. Usiku walizunguka moto, naye akawasimulia visa vya kufuata nyayo, vya kuchungua, vya kuokoa watu. Na jambo lililosimuliwa usiku ndilo lililotendwa kesho yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1908, sehemu sita zilizofuatana kila majuma mawili, hakikugawanywa kwa masomo kama vitabu vya shule, bali kwa mazungumzo ya motoni.

Hapa pana siri ambayo wengi wetu tumeipoteza. Neno lake la usiku halikuwa mkia wa siku iliyokwisha, bali lilikuwa kichwa cha siku ijayo. Kijana aliyesikia usiku kisa cha mtu aliyemwokoa mwenziwe asifie majini, na kulipopambazuka akapewa kamba na kuambiwa aitupe mpaka imfikie mwenziwe aliyesimama mbali, hana haja ya kuelezwa ushujaa ni nini. Lakini kijana aliyesikia usiku waadhi juu ya ushujaa, na kulipopambazuka akapangwa mstari ahesabiwe kama magunia, amejifunza jambo moja tu: kwamba wakubwa husema.

Nami nilikuwa katika hao wakubwa wanaosema. Katika kambi yangu ya mwanzo, iliyopigwa mwambaoni kaskazini ya Pangani, nilitayarisha hotuba juu ya uaminifu, nikaigawa milango sita, nikaipamba kwa methali na aya, na kwa dakika arobaini nzima nikaimimina juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wameamka saa kumi na moja alfajiri na kuchota maji mara nne. Makaa yakafa, mbu wakaja. Nilipomaliza, vijana wakapiga makofi kwa nguvu sana, na katika ujinga wangu nikadhani wamesifu hotuba, kumbe walisifu mwisho wake. Asubuhi nikamwuliza mdogo kuliko wote, mtoto wa miaka kumi na moja, amekumbuka nini katika maneno ya jana. Akafikiri kwa heshima, akasema, “Ulisema, Mwalimu, kwamba leo tutakula wali.”

Kweli nilisema. Nilikuwa nimelitaja jambo la wali kwa kupitia tu, nilipokuwa nikitafuta mfano wa ahadi. Na katika milango yote sita, hiyo ndiyo chembe pekee iliyokuwa na mwili.

Wali wenyewe ukapikwa siku ile, na ulinifundisha zaidi kuliko nilivyowafundisha vijana. Katika kundi moja mpishi wa zamu aliacha sufuria motoni, akaenda kutazama majahazi yakiingia na pepo za kusi, na aliporudi chini ya sufuria palikuwa mkaa. Mkubwa wa kundi, kijana wa miaka kumi na tano, hakupaza sauti. Alishika upawa, akawapakulia wenziwe wali mweupe wa juu, akamkabidhi hata yule mpishi sehemu yake, kisha yeye akakwangua ukoko, si ule wa rangi ya asali ambao watoto hugombania, bali mweusi, mchungu kama shubiri, akaukalia chini na kuutafuna kama mtu alaye chakula chake cha kila siku. Hakuna aliyesema kitu, wala yeye hakujua kwamba nilikuwa nyuma ya mkungu nikitazama.

Usiku ule nilisimama mbele ya makaa, nikasema, “Leo, katika kambi hii, nimemwona mtu aliyekula ukoko ulioungua ili wengine wale wali. Sitamtaja. Nawatakieni usiku mwema.” Nikakaa. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko maneno yangu mara kumi. Siku ya pili, wakati wa chakula, niliona ajabu niliyoikumbuka maisha: wakubwa wa makundi yote wakapakua mwisho, na katika kundi la Chui wawili walibishana nani apewe kile kilichobaki chini.

Tangu hapo nimeshika kanuni chache, ambazo nampa msomaji kama fundi ampavyo mwanafunzi zana zake, si kwa fahari bali kwa kuwa zimekwisha kunikata vidole.

Ya kwanza, neno la usiku liwe na jambo moja. Kiongozi anayetaka kusema juu ya ukweli, na utii, na usafi, na kupenda nchi, katika usiku mmoja, ni kama mtu apandaye mbegu nne katika shimo moja. Kambi ya siku saba ina usiku sita au saba. Ahadi ya skauti na kanuni zake zina mambo ya kutosha kuzijaza zote, kila usiku na lake.

Ya pili, neno lianzie katika jambo lililoonekana siku ile, au katika kitu kilichoshikwa mkononi. Kijana haoni subira, lakini aona kamba. Haoni umoja, lakini aona mafiga matatu yanayoshika sufuria. Skafu iliyo shingoni mwake ni kitabu: maskauti wa zamani walifunga fundo dogo mwishoni mwake, wasilifungue mpaka wametenda jema la siku hiyo, na kiongozi akilishika fundo hilo tu na kuuliza bila kutaka jibu, “La nani bado?”, amekwisha kusema.

Ya tatu, neno lisimlenge mtu kwa jina wala kwa jicho. Aibu ya mbele ya watu haimtengenezi kijana. Humfundisha kujificha vizuri zaidi. Na hapa nitatoa mfano mzima, kwa sababu kanuni hii ni nyepesi kuisema na nzito kuitenda.

Palikuwa na mtoto kambini aliyekojoa usingizini. Jambo hilo hutokea kwa watoto wengi walalao mahali pageni, wala si kosa. Lakini wenziwe waliuona mkeka wake asubuhi, wakaziba pua, wakamtungia jina. Nilitaka kuwakemea, nikajizuia, kwa kuwa nilijua kwamba kemeo langu lingewafunga midomo mbele yangu na kuifungua nyuma yangu. Usiku nikachukua kipande cha kamba, nikasema hivi:

“Vijana wangu, hii ni kamba ya usumba. Ilikuwa makumbi ya nazi, ambayo aliyekula nazi aliyatupa. Wanawake wakayaokota, wakayafukia katika tope la pwani, maji yakajaa na kupwa juu yake miezi mingi. Yakaoza, yakanuka, kila aliyepita akaziba pua. Kisha wakayafukua, wakayaponda mpaka uchafu ukaondoka na nyuzi zikabaki, wakazisokota. Kwa kamba kama hii babu zetu walishona mitepe, mbao kwa mbao, pasipo msumari hata mmoja, wakasafiri baharini na roho zao na mali zao. Kila mmoja aishike, aivute apimavyo, ampe mwenziwe. Usiku mwema.”

Kamba ikazunguka moto. Sikumtazama yule mtoto, wala sikuhitaji, kwa maana mkono wake ulipoipokea mzunguko ulisimama kwa muda. Alfajiri nilipotoka niliuona mkeka wake umeanikwa juu ya kichaka cha mkwamba, na waliouanika walikuwa wawili, na yeye hakuwamo.

Kanuni ya nne ndiyo niliyochelewa kuijua kuliko zote: kiongozi asilifungue fumbo lake mwenyewe. Laiti ningaliongeza, baada ya kamba, maneno ya kueleza kwamba nasi tusiwadharau wenzetu, ningaliwanyang'anya vijana kazi waliyokwisha kuianza mioyoni mwao. Mtoto aliyefumbua kitendawili peke yake hukilinda kama mali yake. Aliyefumbuliwa hukisahau njiani.

Ya tano yahusu ukweli wa visa tunavyosimulia. Skauti ina visa vyake mashuhuri, na kimoja husimuliwa duniani kote: kwamba mwaka 1909 tajiri mmoja wa Kimarekani, William Boyce, alipotea katika mitaa ya London, mvulana akamwongoza mpaka alikokuwa akienda, na alipopewa bakhshishi akaikataa, akasema skauti halipwi kwa wema wake, kisha akatoweka bila ya kutaja jina. Wasimulizi wameongeza ukungu mzito juu ya kisa hicho, wengine wameongeza giza, wengine maneno marefu katika kinywa cha mtoto. Lililo yakini ni kwamba Boyce alirudi kwao, na mwezi wa Februari 1910 chama cha skauti cha Marekani kikaandikishwa. Na kwamba mwaka 1926 chama hicho kilipeleka sanamu ya nyati katika bustani ya Gilwell, chuo cha viongozi karibu na London, iwe ukumbusho wa skauti asiyejulikana. Mimi husimulia kisa hiki nikisema wazi, “hii ni hadithi, na hii ni yakini,” na sijaona kwamba uzuri wake umepungua. Nao vijana hujifunza mambo mawili kwa bei ya moja: kutenda wema bila ya kujulikana, na kutosema usilolijua.

Kwa sababu iyo hiyo siwafichi vijana kwamba vita vya Mafeking, vilivyomvumisha mwasisi wetu, vilikuwa vita vya wageni wawili wakigombania nchi ya mtu wa tatu, na kwamba Waafrika waliokuwamo katika mji ule, Wabarolong na wengineo, walipata chakula kidogo kuliko Wazungu, na wengi wakafa njaa. Kijana ni mwepesi wa kunusa kilichofichwa. Ukimpa mtu aliyepakwa sukari, siku atakapoijua ladha ya kweli atamtema mtu huyo pamoja na mafunzo yake yote. Bali ukimpa insafu, atajua kuchagua jema mahali palipochanganyika jema na baya, na ndipo tunapoishi sote.

Liko pia jambo la dini, ambalo katika nchi zetu hizi halina budi kushikwa kwa mikono miwili. Ahadi ya skauti huanza na wajibu kwa Mungu, na kikosi kimoja cha Tanga au Mombasa huweza kuwa na mtoto aliyetoka chuoni na mtoto aliyetoka katika mafunzo ya kipaimara, wakishika kigingi cha hema moja. Kiongozi mwenye busara huipanga ratiba ya kambi izipe nafasi sala za huyu na ibada ya yule, huangalia mwezi wa Ramadhani kabla ya kutangaza siku za kambi, na neno lake la usiku hulichota katika kisima ambacho wote hunywa: rehema, ukweli, haki ya jirani, amana. Atakayezigeuza dakika tano kuwa mimbari ya madhehebu yake ameiba, kwa sababu wazazi waliomkabidhi watoto hawakumkabidhi hilo.

Na neno amana ndilo linalotutoa katika kusema na kututia katika kuongoza. Wazazi wamekupa kitu kisicho na bei, na ambacho kesho utakirejesha. Basi usiwe peke yako na mtoto mahali pa siri, hata kama nia yako ni safi kama maji ya dafu; kila ushauri wa faragha na utolewe mahali ambapo wengine huona ingawa hawasikii. Ujue nani ana pumu, nani haogelei, nani hali samaki. Anayezikumbuka habari hizi ndogo, hata asiposema neno la adabu mwaka mzima, amekwisha kusema.

Uongozi bora wa skauti, hata hivyo, hauko mikononi mwa mkubwa peke yake, na hili ndilo jambo lililoitenga skauti na jeshi tangu Brownsea. Makundi madogo ya vijana sita, saba au wanane, chini ya kijana mwenzao, si hila ya kupunguzia kazi kiongozi. Ndiyo kazi yenyewe. Wakubwa wa makundi hukaa barazani na kiongozi wao, hupanga safari, hupima makosa, huamua zamu. Kiongozi apendaye kutawala huliona baraza hilo kama pambo, husikiliza kisha hufanya lile alilolikusudia tangu nyumbani. Na vijana, ambao si wajinga, huacha kushauri. Lakini anayekubali kushindwa katika shauri, na akaenda kupiga hema mahali walipopachagua wao ingawa aona mwelekeo wa mvua, atalowa usiku mmoja na kupata viongozi kwa miaka ishirini. Masharti yake ni kwamba hatari iwe ya kulowa, si ya kufa: mahali penye mkondo wa maji, moto au nyoka, neno la mkubwa halina baraza.

Lakini mkubwa naye awe wapi? Awe mahali palipo pabaya. Kazi inayochukiwa kuliko zote kambini ni kuchimba choo, na kila kikosi nilichokizuru nilitaka kujua jambo moja: jina la kiongozi lilikuwamo katika zamu ya jembe? Awe wa kwanza kuamka na wa mwisho kupakua. Afike wakati aliousema. Asitukane hata akijikwaa. Na avue viatu vyake mwenyewe. Baada ya siku kama hiyo, maneno matatu yatosha usiku. Pasipo siku kama hiyo, hata msahafu mzima hautoshi.

Na akikosa? Kukosa atakosa. Nitasimulia kosa langu, kwa kuwa usiku wake ndio usiku nilioongoza vizuri kuliko nyingine zote, na sikuongoza kwa sifa.

Shoka la kikosi lilipotea. Mtunza zana alikuwa kijana mpole, mzito wa kujitetea, na mimi, kwa haraka ya joto na uchovu, nilimlaumu mbele ya mstari mzima, nikasema kwamba asiyeweza kutunza shoka hawezi kutunza neno lake. Sentensi ilinipendeza nilipoitoa. Jioni, nikitafuta sabuni, niliinua gunia lililokuwa chini ya mkeka wangu, nikalikuta shoka, limefungwa vizuri, na fundo lilikuwa langu mwenyewe. Nililiingiza humo usiku wa kuamkia siku ile nilipoona wingu la mvua, kisha nikasahau. Nafsi ikaniambia mambo mengi: kwamba nilirudishe kimya ghalani, kwamba nimwite pembeni nimweleze, kwamba heshima ya mkubwa ni sitara ya kikosi. Yote yalikuwa na sura ya hekima, na yote yalikuwa takaburi iliyovaa kanzu.

Moto ulipokwisha kulala nilisimama na shoka mkononi. Nikasema, “Shoka lilikuwa kwangu. Nilimlaumu mwenzenu mbele yenu, basi namwomba radhi mbele yenu.” Yule kijana akainuka, akasema kwa sauti ndogo, “Yamekwisha, Mwalimu,” akanipa mkono wa kushoto kama maskauti wapeanavyo. Neno lote halikufika nusu dakika. Siku mbili baadaye kijana mwingine, ambaye sikumshuku kwa lolote, alinijia akiwa ameshika vigae katika kitambaa, akaniambia kwamba ndiye aliyevunja chemni ya taa juma lililopita na kuificha mchangani. Ile hotuba yangu ya uaminifu, ya milango sita, haikupata kumleta mtu na vigae.

Nimeongeza miaka, na maneno yangu yamepungua, nami naona biashara hiyo ina faida. Mara ya mwisho nilipokwenda safari ndefu na kikosi tulifika Nyeri, chini ya Mlima Kenya, mahali Baden-Powell alipokuja kukaa mwaka 1938, mzee wa miaka themanini na zaidi, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu. Akafariki hapo tarehe 8 Januari 1941, akazikwa katika mji huo, na majivu ya mkewe Olave, aliyekufa mwaka 1977, yakawekwa pamoja naye. Siku ya kutangulia nilikuwa nimewafundisha wadogo alama za njia, zile zinazochorwa mchangani au kupangwa kwa vijiti: mshale wa pita hapa, msalaba wa usipite, na nyinginezo. Na kwa kuwa mahali penyewe palistahili, niliandika hotuba. Dakika tano tu, lakini niliiandika vizuri.

Tukaingia makaburini asubuhi, umande ungaliko. Vijana wakasogea kaburini, wakatazama jiwe. Juu yake, pamoja na jina na miaka, imechorwa duara, na katikati ya duara nukta. Hakuna kingine cha kueleza. Niliona midomo ya wadogo ikitembea, kisha mmoja, yule aliyekuwa mgumu kuliko wote katika somo la jana, akavuta pumzi, akamnong'oneza mwenziwe, “Nimekwenda nyumbani.”

Ndiyo maana ya alama ile. Skauti huiacha mwishoni mwa njia ili wanaomfuata wasiendelee kumtafuta. Mtu aliyejaza vitabu kwa mazungumzo ya motoni alikuwa amefupisha la mwisho mpaka likatosha katika duara, wala hakulifungua fumbo lake, na mtoto wa Tanga alikuwa amelisoma. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika karatasi. Nikaiacha humo.

Tukasimama kitambo. Hatimaye mkubwa wa kundi la Chui akawahesabu watu wake, akawatazama wakubwa wenziwe, nao wakaitikia kwa kichwa, akasema, “Haya, twendeni.” Hakuniuliza. Wakapita langoni mmoja mmoja, kila kundi na mkubwa wake mbele, nami nikafuata nyuma.